Amisi Alingoa Kilalo

Siku ya posho, Jumamosi, magaribi

Amisi, mutoto wangu, akili uliacha wapi? Kusikia tu kwenye radio kama Serikali imetoa feza za kutengeneza kilalo ya avenue yetu, ile daraja ya kuvukia muto, ukangoa mbao za zamani, eti bafundi bakute pako tayari! Hata fundi mumoja hajafika.

Leo uchungu ikashika Zaina, mujukuu wangu. Maternité, kule banazalia, iko ngambo ya muto. Niliogopa, sidanganyi.

Amisi akamubeba mikononi, maji kiunoni.

"Baba, utaniangusha!"

"Nyamaza, binti yangu. Leo kilalo ni mimi."

Zaina amezaa mwanaume. Amisi alikuwa amelowana mupaka kichwa, nikamukausha na kitambaa yangu, kama zamani...

Lakini kesho asubui, Amisi, rudisha zile mbao! Mutoto wa Zaina atavuka kwenye kilalo, hapana mikononi mwako.