Bosi na Sikio

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Mgongo wako vipi, bado unakusumbua ukiinama? Wifi hajambo? Na wale watundu wako, nasikia mkubwa ameanza kuota ndevu na kiburi kwa pamoja. Sisi huku hatujambo, ukiacha mimi niliyechoka hoi, na mama, ambaye ndiye hasa sababu ya barua hii. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, kama kawaida yako, na kuta za nyumba hii ni nyembamba mno. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Nyonga ya mama inaunga vizuri. Anatembea na mkongojo kutoka kitandani hadi mlangoni, na daktari wa hospitali amesema mfupa hauna neno. Kilichonitia hofu ni kula. Tangu nilipomchukua kutoka wodini, kila chakula ninachompa anakigawa katikati kwa kijiko. Anakula upande wake, na upande wa pili anaufunika kwa sahani nyingine na kuniagiza niuweke juu ya rafu, wa mama mkubwa atakapokuja. Unajua walivyokuwa hao wawili tangu wafiwe na waume zao: chumba kimoja, sufuria moja, ugomvi mmoja usiokwisha. Geti likilia, mama anainua kichwa. Nami namwimbia wimbo ule ule tuliokubaliana siku ulipomzika dada yake, mama akiwa bado hospitalini hajui lolote: kwamba mama mkubwa yuko kwa mjukuu wake anayesubiri kujifungua, na kwamba huko simu hazishiki. Ulisema moyo wake hautastahimili, tusubiri apone. Ukaniapisha, kwa sababu mimi, Chiriku wenu, sijawahi kuwa na kifua. Nilijitahidi, kaka. Nilijitahidi huku ile nusu anayoila ikizidi kuwa ndogo.

Sasa nikueleze ya kazini, maana mambo haya mawili yamegandana kichwani mwangu na siwezi tena kuyatenganisha. Najua kwako kituo cha punda ni kichekesho. Bado unawaambia watu kwamba mdogo wako alisoma sana akaishia kuwapaka punda dawa mgongoni. Ni kweli, ndiyo kazi yenyewe. Tunawachukua waliochakazwa na mikokoteni na waliotelekezwa barabarani wakishavunjika, tunaosha vidonda, tunakata kwato zilizopinda mbele kama ndala kuukuu. Nikirudi nyumbani mama hufungua dirisha kabla ya kuniitikia.

Wawili kati yao walitoka machimbo ya kokoto, wamezeekea kwenye mkokoteni mmoja. Mmoja tulimwita Sikio, kwa sababu lilibaki moja. Mwenzake tulimwita Bosi, kwa kuwa hakumruhusu yeyote kunywa maji kabla yake, isipokuwa Sikio. Ukimtoa mmoja kumtibu, mwingine anapiga mlango mateke mpaka bawaba zinalegea. Basi tukawatibu pamoja, tukawalaza pamoja, nami nikawa namsimulia mama vituko vyao kila nirudipo. Alivipenda kuliko redio.

Kituoni tuna desturi moja ambayo daktari wetu wa mifugo hataki mzaha nayo. Punda akifa, mwili hauondolewi upesi. Unaachwa bandani na mwenzake, amnuse, amsukume kwa pua, asimame hapo kadiri atakavyo. Akiondoka mwenyewe kwenda kutafuta majani, ndipo tunaita trekta. Tukimficha, hatajua kwamba mwenzake amekufa. Atajua tu kwamba hayupo, na atamtafuta. Hilo nalo nilimsimulia mama.

Sikio alikufa alfajiri ya siku tuliyotarajia wageni, wale wanaotuchangia chakula cha mifugo. Daktari alikuwa safarini. Mkuu wa kituo alikuja mbio, akasema wageni hawawezi kulakiwa na mzoga, akaniagiza nimpeleke Bosi uwanja wa nyuma akakatwe kwato. Nilitaka kubisha. Lakini nilikuwa nimekesha nyumbani na mama, mwili wote unauma, na sikuwa na nguvu ya kushindana na mtu. Tuliporudi, banda lilikuwa limeoshwa kwa dawa kali, hata harufu ya Sikio haikubaki. Wageni wakapita, wakapiga picha, wakausifu usafi wetu.

Bosi akaanza kuzunguka ua. Trekta likinguruma, anakimbilia lango. Tulimpa pumba, tukampa maji yenye sukari, tukamletea punda mpole wa kumliwaza, akamng'ata. Daktari aliporudi alifoka mpaka mkuu akajifungia ofisini. Alitukumbusha kwamba punda asipokula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu na kumuua, kisha akamtia uji kwa mpira wa puani. Haikusaidia. Bosi alikufa amelielekea lango.

Nilirudi nyumbani na tope mpaka magotini. Mama akauliza kulikoni, nikamwambia Bosi amekufa. Akauliza kama alioneshwa mwenzake. Kwa punda sikuweza kudanganya, nadhani uongo wote niliokuwa nao ulikuwa umeshatumika. Nikasema hapana, tulikuwa na wageni. Akakunja na kukunjua pindo la shuka lake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, na sisi tulikuwa na wageni gani.

Basi, kaka, nimemwambia. Hiyo ndiyo habari niliyokuzungusha nayo kurasa zote hizi. Kumbe alijua. Alisema mama mkubwa angekuwa hai asingekaa muda wote huu bila kutafuta njia ya kumgombeza. Alijua, ila aliogopa kumlilia dada yake huku huenda yuko hai. Sasa alilia. Moyo wake haukusimama, wangu ndio uliokaribia. Akataka kujua dada yake alizikwa amevaa nini, nani alimfumba macho, kama kuna aliyekumbuka kwamba miguu yake ilikuwa haiishi baridi. Sikuwa na jibu hata moja, maana nami ulinipa habari baada ya kila kitu kwisha. Alipotulia, akaniambia nimshushie ile sahani iliyofunikwa. Akaila yote, taratibu, machozi yakimdondokea, mpaka kijiko kikakwaruza chini.

Anataka kuletwa kaburini. Tutakuja mara daktari akimruhusu kukaa garini kwa muda mrefu. Hana hasira nawe. Mimi ninazo, na baadhi ni za kujikasirikia mwenyewe, kwa hiyo usijali sana. Ila ana ombi moja. Chumba chao huko kwenu kisioshwe, kitanda cha mama mkubwa kisihamishwe, mashuka yabaki yalivyo. Kama mmekwisha kukisafisha, basi mwambie wewe mwenyewe, tena kabla hatujafika. Mimi sitamfikishia uongo mwingine.

Nisalimie wifi na watundu. Mama naye anakusalimu, anasema uache kuinama ovyo.

Ni mimi mdogo wako, asiye na kifua,

Chiriku