Salamu Niliyoiongeza Kwenye Tangazo la Treni

Alhamisi, Buffalo. Theluji bado haijaanguka, ila upepo wa ziwani unatafuta upenyo kwenye koti langu na unaupata.

Leo siwezi kukaa. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Nimeosha sufuria moja mara mbili. Nimefungua ukurasa huu, nikaufunga, nikachemsha chai, nikaisahau mezani mpaka ikapoa. Roho yangu iko juujuu tangu Jumanne na sababu naijua, kwa hiyo acha niiandike.

Ile sauti ya Kiswahili katika kituo cha treni cha chini ya ardhi, inayowaambia watu wasimame nyuma ya mstari wa njano, ni yangu.

Si siri. Kila aliyenipigia simu mwezi huu ameambiwa. Ofisi ya usafiri ilitafuta msomaji wa kujaribia matangazo ya Kiswahili, na mchungaji akanitaja mimi kwa sababu ndimi ninayesoma matangazo kanisani kila Jumapili. Mimi ni wa Uvira, lakini nilisomea kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kinapita kwa Wakongo, kwa Warundi na kwa Watanzania bila mtu kununa. Nilivimba kichwa. Mama yangu, anayekaa Highview kule Louisville, huwachezea wageni ile sauti kwenye simu kabla hata hajawapa chai. Dada yangu wa Hilliard ameirusha kwenye kundi la familia, na shangazi ambaye hajawahi kuniambia neno jema akaweka alama za makofi.

Sasa niungame.

Karatasi niliyopewa ilikuwa na maneno machache: simama nyuma ya mstari wa njano, shika watoto mkono, usikimbie. Nikayatafsiri, nikayasoma mara tatu mbele ya maikrofoni, na mara zote tatu nilijisikia kama askari anayefukuza watu sokoni. Kanisani sijawahi kutangaza hata mwavuli uliosahauliwa bila kusalimia kwanza. Kwetu ukianza kuwaamrisha watu wazima bila salamu hawakusikii, wanakutazama tu wakijiuliza umelelewa na nani. Basi mara ya nne nikaanza na "Jambo mama, jambo papa," kama tunavyosalimia wazee Uvira, halafu ndipo nikaingia kwenye mstari wa njano.

Waliokuwa wakinirekodi hawajui Kiswahili. Wakasema hiyo ya nne ndiyo nzuri, inasikika kama mtu anayejali. Nikatabasamu, nikanyamaza. Nilijiona mjanja.

Jumanne nilishuka kituoni kujisikiliza. Ilikuwa mara yangu ya tano, na sikuwa na safari yoyote. Nikamwona Mama Sifa, mama mmoja tunayesali naye. Alifika Buffalo miezi minne iliyopita, na hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kupanda treni hapo, saa nane mchana, kwenda darasa la Kiingereza la kila siku. Alikuwa na mfuko wa sombe, majani ya muhogo, kutoka maduka ya Grant Street. Kabla sijamfikia, nikiwa bado nyuma ya umati wa watu, sauti yangu ikaanza juu kwenye spika.

Mama Sifa akaweka mfuko chini. "Jambo sana, mwanangu," akajibu, akanyoosha mkono, akaanza kumtafuta aliyemsalimia. Akazunguka nguzo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona sura ya kwetu. Akapiga hatua mbele, kisha nyingine, akauvuka mstari wa njano wakati mimi mwenyewe namwambia kutoka darini asiuvuke. Taa za treni zilikuwa zimeshaonekana kwenye handaki.

Miguu yangu haikwenda.

Aliyemvuta ni mwanamke mmoja aliyevaa sare ya hospitali, alimkamata koti kwa mikono miwili. Treni ikapita mbele yao. Nilipomfikia Mama Sifa, kilichomsumbua hakikuwa treni.

"Kuko mutu wa kwetu humu," akaniambia. "Ananisalimia muzuri, na mimi simuone. Bon, atasema nini juu yangu? Atasema ile mama hajue hata kupana mukono."

Hapo ndipo ningesema. Habari za kurekodi zilikuwa hazijamfikia, na kwenye spika sauti yangu hutoka nzito, ina mwangwi, na hakuitambua. Ningemwambia, Mama, ni mashine, na aliye ndani ya mashine ni mimi. Badala yake nikasema, "Atakuwa ameshapanda treni, Mama."

"Basi kesho nitamutafuta," akasema, akaokota mfuko wake.

Jana sikumwambia mtu. Nilijua nikisema, sauti itaondolewa, na mama yangu atabaki na simu mkononi mbele ya wageni wake. Ukweli ni kwamba nilimwogopa shangazi kuliko nilivyoiogopa treni. Saa nane ilipofika nilikuwa kazini namlisha mzee ninayemhudumia, na nilikuwa natazama saa kuliko nilivyotazama kijiko. Saa tisa nikampigia Mama Sifa kwa kisingizio cha mazoezi ya kwaya. Akapokea. Akasema amemtafuta tena yule mtu na hakumpata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo saa nne asubuhi nikapiga simu ofisini, nikamweleza kila kitu bwana aliyesimamia kurekodi. Akauliza kama kuna neno lingine lolote nililoongeza. Nikasema hakuna. Swali liliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuliuliza. Wameiondoa sauti kabla ya saa nane. Watamtafuta msomaji mwingine, na safari hii atakuwepo mtu wa pili wa kusikiliza.

Mama yangu amenipigia mara mbili tangu mchana. Bila shaka ana wageni. Sijapokea.

Nilidhani nikishasema nitatulia. Sijatulia hata kidogo. Ofisini nilisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza naweza kukiri kosa kama ninayesoma anwani ya mtu. Mama Sifa bado anaamini kuna mtu wa kwetu mle chini, mwenye adabu, anayemwona kuwa mama asiyejibu salamu. Ananiamini na mimi pia, kwa sababu uongo wangu nilimwambia kwa Kiswahili.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitagonga mlango wake. Atafungua, na mimi itabidi nimwambie "Jambo mama," kwa sauti ileile, nikiwa nimesimama mbele ya macho yake.