Umeme wa Zamu

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimepaka mafuta mtambo wa umeme wa maji, nimezoa majani mlangoni mwa mfereji. Bahati imenizoea mimi kama mbwa wa nyumbani. Kijiji kizima cha Kwai vijana waliitaka kazi hii. Bwana mwenye shamba akanyoosha kidole tu, kikaniangukia mimi, niliyeacha shule darasa la tatu. Nimefika Tanga, nimefika Mombasa, barafu ya maziwa nimelamba. Sasa umeme nautawala mimi.

Jumanne, 4 Agosti
Jioni taa ya zahanati imekuwa nyekundu kama kaa. Dresa, mtibu wa pale, anashona kidole cha mtu, haoni. Maji yamejaa, mtambo unazunguka vizuri. Basi kuna anayeiba umeme. Bwana kaamua ni Athumani, mlinzi wa mfereji. Mwizi mwingine asipopatikana, Jumamosi anafukuzwa. Ana watoto wadogo, na kwao ni Mtae, mwisho wa dunia. Nimemwambia atulie. Mwizi akisikia jina langu hujifunga kamba mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti
Nimefuata waya nguzo hadi nguzo. Nimeingia kila nyumba ya jirani. Mke wa mwalimu kanicheka: "We fundi, umeme unautafuta ndani ya sufuria?" Nikamjibu umeme wa siku hizi mjanja, shemeji. Sikuona kitu. Kwa mkwe wangu, Mzee Rajabu, sikuingia. Chumba cha wakwe hakiingiwi.
Taa nyeupe.

Alhamisi, 6 Agosti
Nyeupe tena. Athumani anafunga mizigo. Nimemtania, hakucheka. Vibaya.

Ijumaa, 7 Agosti
Nyekundu. Jumanne nyekundu, Ijumaa nyekundu. Nimekaa chini. Mfereji unaozungusha mtambo ndio huohuo tunaomwagilia mashamba kwa zamu. Jumanne na Ijumaa ni zamu ya mkwe wangu.
Nimekwenda kwake. Nimesimama uani, macho chini. Shikamoo baba. Marahaba. Waya nikauona, umepita chini ya migomba hadi dirishani. Akaona nimeuona.
"Mama yenu kifua kinambana na baridi hii. Ile hita ya kupashia chumba joto Bwana aliitupa jalalani, nikaiokota. Umeme si maji yaleyale? Siku yangu nawasha. Siku ya mwenzangu, wallahi, sigusi."
Nilitaka kucheka. Ndani mama mkwe alikuwa anakohoa.

Jumamosi, 8 Agosti
Alfajiri nimeukata waya. Nimemwambia Bwana mwizi ni mimi, nilikuwa nachemsha chai. Kaamini upesi mno, imeniuma kidogo. Athumani kabaki kazini. Mimi nimetoka na koti langu. Mke wangu kampelekea mama yake blanketi letu zito, lile la Mombasa. Sikumwambia kwa nini nimefukuzwa.

Jumapili, 9 Agosti
Ukungu. Nimepalilia viazi. Mkwe kapita njiani, kasimama, kaniamkia yeye kwanza. Mzee, kuniamkia mimi. Nimeinamia jembe, sikujua pa kuweka uso. Kaacha kuni mlangoni, kaenda zake.
Jioni taa ya zahanati nyeupe. Inaonekana hadi huku.
Mfereji ule unapita shambani kwa mkwe. Alikubali uchimbwe kwa sharti moja, mtambo auangalie mume wa binti yake. Bwana hakunyoosha kidole chochote. Ile bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo, nilijua tangu mwanzo.