Kitambaa Yako Juu ya Mashini

Mama,

Minyi Odette, mutoto wako wa pili. Tangu tulikuzika, mvula imekatika na vumbi imerudi mu Kamina. Ile fashi yetu ya kuandikia bantu barua, karibu na gare ya treni, ingali wazi. Banauliza bado: "Mama wa barua iko wapi?" Ninabajibu, kiisha ninapangusa macho.

Unakumbuka siku ordinatere, kompyuta yetu ya kuandikia barua, ilifika? Ulikamata uzi na sindano, ukaishonea kitambaa ya krosheti, nyeupe na maua ya bleu, sawa ile ya radio ya Papa na ile ya frigo. Nilikucheka. Ulinijibu: "Kintu ya bei iko na nguo yake." Na ku hopitali ulinishika mukono: "Odette, usiache vumbi iingie." Njo neno yako ya mwisho juu ya kazi. Nilikuapia.

Basi nilifunga dirisha. Nilisukuma mashini mupaka ku ukuta, nikateremusha kitambaa mbele na nyuma, hata wakati ninaandika. Ikaanza kuzimika yenyewe. Mama moja alikuja na barua ya kuombea mutoto wake kazi; tulifika ku mustari ya mwisho, yote ikapotea. Mara tatu mu juma moja. Nilisema mashini yetu ikikufa nitakupoteza mara ya pili, nikalia mbele ya bantu, bila haya.

Niliita Tonton Félicien, ule alitumika na Papa ku treni. Aliweka mukono juu ya mashini, akautosha mbio sawa ameungua. "Nani anavalisha mashini koti mu jua?" Alisema hewa ya baridi iingie mbele, ya moto itoke nyuma, na minyi nimefunga milango yote mbili. Alifungua ubavu ya mashini. Mama, vumbi ilijaa mule ndani, hata na kitambaa. Na vantilatere ya nyuma, ile feni ya kupuliza hewa, tuliiweka kinyume, minyi na weye, siku ile tuliibadirisha: ilikuwa inapuliza ndani. Tonton aliigeuza. Tulitosha vumbi na pompi ya kinga, ile ya kujazia pine ya baiskeli, minyi nikishika vantilatere na bici, kalamu yangu, isizunguke. Nyuzi za umeme zenye zilizuia hewa, nilizifunga kando na uzi wako ya bleu.

Ikabakia kitambaa. Mikono ilikataa. Tonton aliningojea. Niliinyanyua, inanukia bado sabuni yako.

Sasa mashini inatumika asubui mupaka mangaribi, haizimike. Ule mama alirudi, tukamaliza barua yake. Vumbi inaingia, ndiyo. Kila siku ya posho, juma inapoisha, ninaitosha. Nimevunja neno yako, unisamehe.

Lala muzuri, Mama. Muchana nitaiacha ipumue. Mangaribi nitaizima, nitaiweka mukono juu, sawa ulivyokuwa unatupima homa ku paji. Nikisikia imepoa, njo nitaifunika, polepole, vile ulikuwa unanifunika minyi.

Odette wako