Saa ya Manowari Juu ya Kitanda Chako

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaniitikia "marahaba mwanangu, umekula?", lakini siwezi kuanza na wewe bila kukuamkia.

Nakuandikia kuhusu saa yako. Tangu tukuzike, wiki tatu sasa, imebaki pale pale ukutani juu ya kitanda, na mwanao Bwana Salim alitaka kuipeleka kwa muuza vitu vya kale Nizwa. Nami nilikuahidi kwamba maadamu nimo katika nyumba hii, haitasimama.

Nitasema kweli. Mwanzoni saa hiyo sikuipenda, na wewe pia sikukupenda. Nilikuja Sur, huku Omani, kutoka Tanga kupiga deki na kupiga pasi, nikapewa na mzee wa kumtunza, asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, anayeuliza mara tatu kama chai ina tangawizi. Na juu yake ile shaba nzito, imekazwa kwa skrubu, haina timazi ya kuning'inia. Uliniambia ni saa ya manowari, ilitengenezwa kwa meli za vita, bahari ichafuke vipi yenyewe haijali. Marehemu mumeo aliinunua kwa fundi Unguja, nawe ukaja nayo huku mapajani, imefungwa kanga mbili. "Wenzangu walibeba dhahabu," ukasema, "mie nikabeba kelele."

Wiki ya kwanza nikaona inakosea. Asubuhi simu yangu ilionyesha tisa, ambayo sisi tunaisoma saa tatu. Yako, mshale mfupi ulikaa kwenye tatu yenyewe. Shule niliachia darasa la tano, na kusoma saa ni kitu kimoja nilichokijua barabara. Nikafungua kioo, nikaisogeza mpaka ikafanana na simu. Nikajiona fundi.

Siku hiyo ulikuwa umefunga sunna. Pazia limeshushwa, kiyoyozi kinavuma. Adhuhuri naingia na nguo zilizokunjwa, nakukuta umekaa kitandani unatafuna tende.

"Bibi, si umefunga?"

"Nimeshafuturu. Nimezipapasa akrabu, zote mbili ziko juu. Leo siku imeruka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mishale ya saa, ambayo wewe uliiita akrabu, uliisoma kwa vidole. Na uliiweka kwa hesabu ya wazee wa Unguja: jua likizama, yote miwili kwenye kumi na mbili. Nikaziweka nguo chini. Wenzangu wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Ni mimi, Bibi. Nimeisogeza. Sasa hivi ni mchana."

Ukaacha kutafuna. Kisha ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Basi leo Mungu kanilisha mchana. Kalete na kahawa."

Nilipotaka kuirudisha nyuma ukanishika mkono. "Nyuma haiendi, utaivunja kitu tumboni. Ukikosea, zungusha mbele mpaka ufike." Tukaizungusha pamoja, kidole chako juu ya changu, saa sita nzima.

Tangu siku hiyo Ijumaa ikawa yetu. Adhana ya magharibi ikianza nakugusa bega, unaiweka sawa, kisha unaitia ufunguo huku ukihesabu mizunguko kwa sauti, kumi na minne, kama unamhesabia mtoto vidole.

Na siku mama yangu alipofariki Tanga, nami sikuweza kwenda, hukuniambia maneno mengi. Ulichukua mkono wangu ukauweka juu ya ile shaba, nikaihisi inavyopiga ndani. Tukakaa hivyo. Chakula cha mchana kiliungua, ukawaambia watu wa nyumbani ni wewe uliyeniita.

Sasa juzi Ijumaa Bwana Salim alikuja na boksi na bisibisi. Akaitazama saa, akatazama simu.

"Hii saa haribika, khalas," akasema. Kiswahili chake unakijua. "Inakosa saa sita."

Mimi kazi yangu ni kusema naam. Miguu inaniuma, miaka tisa, tiketi yangu ya kurudi nyumbani imeshakatwa, ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Haikuharibika, Bwana. Subiri adhana."

"Adhana ya nini?"

"Subiri tu, baba. Bado kidogo."

Akakaa kitandani pako, boksi miguuni. Adhana ilipoanza nikafungua kioo, nikamwambia afumbe macho, apapase. Akapapasa. Vidole vyake vikasimama pale juu, havikuondoka mpaka adhana ikaisha.

"Mama alikuwa anafanya hivi," akasema. "Mimi nilidhani anafuta vumbi."

Kisha akauliza ufunguo uko wapi.

Nilimpa, Bibi. Aliutia, akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, sijui kama alijua kwamba anahesabu. Alipofika saba akakwama.

"Nane, Bwana," nikamwambia.

"Nane," akasema, akaendelea.

Boksi ameliacha tupu, nimetia kanga zako humo. Ijumaa ijayo nitakuwa Tanga, na ahadi yangu imefika mwisho wake bila kuvunjika. Magharibi ya huko huchelewa kidogo kuliko ya kwenu. Ikifika, nitajua yeye ameshatia ufunguo.

Pumzika, Bibi. Mimi nimekula.

Mwanao wa jikoni