Helmeti Niliyoizeesha

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimemaliza helmeti ya sita. Wiki tatu kamili.

Ganda lilitoka Nairobi, plastiki ya kuchapishwa na mashine, limejaa mistari. Msasa siku nne. Praima ya kijivu. Rangi ya fedha. Ilipokauka nikadondosha dawa ya meno kwenye kingo, kisha nikapuliza nyekundu juu yake. Unaacha ikauke, unafuta kwa kitambaa chenye maji, dawa ya meno inatoka na nyekundu yake — na fedha inachungulia chini kama chuma kilichokwaruzwa vitani. Kwenye mikunjo nikapitisha nyeusi nyepesi. Mwisho kabisa udongo wa hapa nje, nimeuchekecha kwa kichujio cha chai.

Kazi hii naiita kuzeesha. Watu wanapaka rangi ili kitu kiwe kipya. Mimi kikiwa kipya ndipo naanza.

Shujaa mwenye kofia hii simjui. Sinema yake sijaiona. Nilipenda kofia.

Mose alipita saa kumi. Mdogo wangu, wa mwisho. Ana bodaboda Nyamira. Akaigeuza geuza mkononi muda mrefu.

"Dada, hii imepigana wapi?"

Hapa mezani, nikamwambia.

Akaomba akapigwe nayo picha stejini, pale wanapongojea abiria. Ataileta jioni.

Hakuileta.

Jumatatu, 8 Septemba

Hajaileta.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwona! Nilikuwa natoka shuleni, nimefunga maabara, akanipita kwenye kona ya Sironga amebeba mama mmoja na mikungu miwili ya ndizi. Kichwani — helmeti yangu. Akapiga honi. Mama akanipungia mkono. Mama hakuwa amevaa chochote kichwani, lakini angalau yeye alijua hajavaa chochote.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda stejini. Mose alikuwa amepeleka mteja, nikamkuta Nyamweya, mwenyekiti wao. Mtu mzima, mpole, koti lake la reflekta hufuliwa kila wiki. Nikamweleza polepole. Ganda ni milimita mbili. Ndani sijaweka kitu cha kukinga kichwa, nimegundisha sponji ya godoro ili isikwaruze paji la uso. Mkanda nimeukata kutoka kwenye begi la shule.

Akasikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, "Na imeanguka mara ngapi, Madam?"

"Haijaanguka. Zile alama nimechora."

Wakacheka wote pale stejini. Mmoja akasema walimu hawapendi kujisifu. Nikasema mimi si mwalimu, mimi ni wa maabara. Wakaona hata hapo nimejishusha.

"Kitu kimepigwa hivyo na bado kiko," Nyamweya akasema, "hicho ni kigumu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sabato. Sikugusa brashi.

Baada ya ibada Sharon, mke wa Mose, alinivuta kando, chini ya paa la jikoni. Ana mimba ya miezi sita, anasimama amejishika kiuno. Aliniambia asante. Nikauliza ya nini. Ya helmeti. Anasema sasa analala vizuri, maana ile ya zamani ya Mose ilikuwa ya kawaida tu.

Iko wapi ile ya kawaida?

Mose amempa Ombui, yule mpya wa stejini ambaye hakuwa nayo.

Ile ya zamani ilikuwa halisi. Nilikuwa na Mose tukiichagua. Ilikuwa nyeusi, mbaya, ina povu gumu ndani kama inavyotakiwa. Mdogo wangu ametoa kichwa chake kwa roho safi akabaki na godoro.

Nilimwambia Sharon ukweli. Akanitazama kama mtu anayesubiri niendelee, nifike pale pa kuchekesha.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwita Mose aje ale. Alikuja ameivaa. Aliivua mlangoni akaiweka juu ya kabati, taratibu, kama Biblia.

Nilingoja amalize ugali. Nikasema nirudishie.

"Dada, nitakulipa."

Sitaki malipo. Nataka kofia.

Akasema kitu ambacho nimekuwa nikikizungusha kichwani tangu aondoke. Anasema yuko ile steji mwaka wa tano na kuna watu walikuwa wanamwita "wewe". Wewe, nipeleke Konate. Wewe, ngoja hapo. Sasa watoto wanakimbia kando ya barabara wakimwita. Wazee wanamsalimu kwanza. Juzi askari wa barabarani aliwasimamisha wote, akafika kwake, akampigia saluti, akacheka, akampitisha.

"Nikivaa hii dada, watu wananiona."

Nikamwambia mimi nimekuwa nikikuona. Akasema, "Wewe ni wewe."

Mama alipotuacha Mose alikuwa na miaka sita, mimi kumi na tisa. Nilimvisha viatu, sare, sweta. Miaka mingi. Sikujua kuna siku nitagombana naye kwa sababu ya kumvisha.

Aliondoka nayo. Sikuizuia. Ningeweza kuizuia, kabati lilikuwa karibu na mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua tangu mchana. Barabara imekuwa sabuni. Nimepima asidi za Form Three nikisikiliza pikipiki nje. Zilpa wa maabara akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 16 Septemba

Leo nimefanya jambo. Nimebeba helmeti namba tatu, ile ya bluu, ya kwanza niliyoipenda kweli. Nikaenda nayo stejini na nyundo ndani ya kikapu. Mose alikuwepo, wote walikuwepo.

Nikaiweka juu ya jiwe. Nikasema, hii ni sawasawa na ya Mose. Plastiki ile ile, mashine ile ile. Tazameni.

Nikaipiga mara moja, wala si kwa nguvu. Ikatoka vipande vinne. Kimoja kikaruka hadi kwenye kibanda cha mahindi choma.

Nikafikiri, basi, wameelewa.

Nyamweya akaokota kipande, akakitazama kwa huruma. "Pole Madam. Lakini hii ilikuwa bado mpya." Wengine wakaitikia. Ile ya bluu sikuwa nimeizeesha. Ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo. Ya Mose, wanasema, imezoea.

Mose alinisaidia kuokota vipande. Alikipata hata kile cha kwenye mahindi. Sikulia pale. Nililia nikifika kwa mlango, kidogo, halafu nikapika.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata wazo. Si zuri sana lakini ni moja.

Zilpa Akumu ndiye tunafanya naye maabara. Kwao ni upande wa ziwa na haamini kitu mpaka akishike. Nikamwomba anishikie kipindi cha mwisho nikimbie Kisii. Nikamweleza: nitanunua helmeti halisi, ya pikipiki, yenye umbo la karibu. Nitaipaka na kuizeesha ifanane na ya Mose mpaka mama yetu akifufuka asijue ni ipi. Kisha nibadilishe.

Zilpa akafikiri. "Kwa hivyo unachukua ya kweli, unaifanya ifanane na ya uongo, ambayo ulikuwa umeifanya ifanane na ya kweli."

Ndiyo.

"Nenda. Nitashika kipindi."

Nimeipata duka la nne. Muuzaji alinionyesha za rangi za maua. Nikamwambia nataka nzito. Akaniuliza ni ya mzee? Nikasema ni ya mtoto. Wa miaka gani? Ishirini na saba.

Ijumaa, 19 Septemba

Shida ya kwanza. Ganda halisi halitaki thina ya kuyeyushia rangi. Thina inalilegeza bila wewe kuona, linabaki zuri nje na ndani limeoza. Kwa hivyo hakuna rangi ya kupuliza niliyozoea. Rangi ya maji tu, kwa sponji ya kuoshea vyombo, tabaka baada ya tabaka. Na msasa nisiupitishe kwa nguvu. Nimekuwa nikiharibu vitu kwa miaka mitatu, sasa najifunza kuharibu bila kuharibu.

Mapembe ya pembeni, kama yale ya helmeti ya Mose, nimeyakata kwa sponji ngumu ya ndala. Yanagundishwa juu juu tu. Yakigongwa yang'oke yenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Nimefanya kazi tangu asubuhi. Sharon alinitumia picha kumi na moja za Mose na helmeti, kila upande. Nilimwambia nataka kuziweka ukutani. Uongo wa kwanza kwa Sharon. Nimeupanga kwenye orodha na mwingine.

Naikuza picha kwa simu, nahesabu kila mkwaruzo, nauhamisha. Nakumbuka karibu yote. Ule wa paji nilitumia kijiti cha meno. Ule wa shavuni mkono uliteleza nikauacha, ukawa mzuri kuliko yote.

Saa nane nikafika upande wa kulia, juu ya sikio.

Pale kuna mkwaruzo mrefu, karibu urefu wa kidole. Una mistari midogo midogo ndani, yote inaelekea nyuma. Katikati hakuna fedha. Kuna nyeupe, plastiki yenyewe. Na mwisho wake ufa, mwembamba kama unywele.

Huu sikuchora mimi.

Nimeutazama hadi simu ikazima.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimempigia Mose mchana. Nikamuuliza ulianguka lini.

Nikasikia kelele za stejini. Kisha, "Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nimesoma.

Ni ile Jumatatu ya mvua. Kwenye kona, peke yake, pikipiki ililala polepole. "Ilikuwa kidogo tu, dada. Nilijipangusa nikaendelea. Na si unaona? Niko sawa. Ilinilinda."

Ilinilinda! Sponji ya godoro.

Nilitaka kupiga kelele lakini wanafunzi walikuwa wameinama kwenye vichoma vyao vya gesi. Nikasema kula vizuri. Nikakata.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemaliza. Nyekundu imekubali. Fedha imekubali. Udongo ni ule ule.

Ule mkwaruzo wake nimeuacha wa mwisho. Sikuutaka. Lakini bila huo angejua. Niliuchora mara tatu na mara tatu nikaufuta, mimi ninayepima matone. Mara ya nne ukakaa.

Zilpa alikuja kuona. Akaishika, akaipima uzito, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akasema itamchukua Mose dakika moja kujua. Nikasema najua. Kwa nini basi? Nikasema sijui, labda hiyo dakika moja atakuwa ameivaa.

Jumapili, 28 Septemba

Wamekuja wote wawili, njiani kwenda Marani kwa mama yake Sharon. Mvua ikawafungia hapa. Naandika wakiwa nje kwenye baraza.

Mpango ulikuwa nibadilishe akiwa anakula. Sikubadilisha. Nilimtazama anavyopuliza chai na nikashindwa kumwibia. Nikaleta ile mpya kutoka chumbani, nikaiweka mezani kando ya yake. Zikakaa mbili, kama mapacha.

Sharon akacheka, akaweka mkono mdomoni.

Mose akaweka ufunguo wa pikipiki mezani ili azishike zote. Akaziinua, moja kila mkono. Ilimchukua muda mfupi kuliko dakika. Mkono wa kushoto ulishuka.

"Hii ni nzito."

Nikasema ndiyo.

Akaigeuza. Akaona paji, shavu. Akafika juu ya sikio la kulia. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wangu, kisha kwenye mkwaruzo wake. Wake una makali. Kidole kilisimama pale kwenye ufa. Ni kama hakuwa ameugusa hata mara moja.

Sharon akamuuliza ni nini hicho. Akaniuliza mimi. Nikasema mwulize mume wako. Mose akasema, bila kuinua macho, "Nilianguka."

Sharon akashusha mkono hadi tumboni.

Nilidhani atabishana. Ataniambia imezoea, ilimlinda, Nyamweya amesema. Nilikuwa na majibu yote. Hakubishana. Alinyanyuka, akazichukua zote mbili, akatoka nje, Sharon nyuma yake.

Mvua imepungua. Nawaona kupitia dirisha. Amemsimamisha Sharon kando ya pikipiki. Anamvisha ile nzito. Anaingiza nywele zake ndani polepole, anafunga mkanda chini ya kidevu, anaingiza kidole aone kama umebana sana, anaulegeza kidogo, anaukaza tena. Anaigonga juu mara mbili. Kwa hivyo ameelewa. Amenisikia, wiki tatu zote, kila neno.

Sasa ameinama, amechukua ile yangu. Ile yenye ufa. Ameivaa yeye.

Vichwa ni viwili — vitatu.

Anapapasa mfuko wa suruali. Wa koti. Anaangalia chini kwenye matope. Ufunguo uko hapa mezani, kando ya daftari, nimeuwekea mkono juu.

"Dada!" anaita. "Hebu niangalizie ufunguo hapo ndani!"

Sijaitika bado.