Mkanda wa Kiti cha Abiria

Nyeri, Jumatano

Kwako Mama,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, ingawa nakujua, utakuwa shambani. Mimi ni mzima. Baridi imerudi na nimezoea kuvaa sweta mbili. Mahindi yamefika magotini? Baba anapata usingizi? Juzi uliponiambia kwamba bado unamwota ndugu yangu Barasa amesimama nje ya lango, nguo zimelowa, na haingii, nilikata simu nikasingizia chaji. Ndiyo maana naandika. Haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Kwanza kazi. Mwajiri wangu, Bwana Wanjohi, anayetembeza watalii, ameletewa gari-nyumba ili alijaribu kabla ya kulinunua. Mimi dereva wake nimepewa nilale humo, nipike humo, nioge humo, kisha niandike kama linafaa safari. "Nekesa, andika kila kitu," aliniambia. "Hata kama ni mlango tu inapiga kelele, andika. Sitaki kuuziwa sura."

Mama, ungeliona ungeuliza wenye nyumba wamehamia wapi. Nyuma kuna kitanda kipana kuliko chenu, na godoro lake sijaamka nalo nikiumwa mgongo hata siku moja. Kuna jiko la gesi, friji, bafu la maji moto, na viti viwili vya mbele ambavyo ukisimamisha gari vinageuka kutazama meza. Ila aliyelipanga hajawahi kusonga ugali. Ukisimama jikoni umeziba mlango wa choo, na aliye ndani itabidi angoje ugali uive. Kwenye matuta ya Mweiga droo zilifunguka zenyewe, vijiko vikatapakaa sakafuni. Tangi la maji linatosha watu wawili siku mbili, wakioga kwa adabu. Kwenye matope ya kuelekea Aberdare niligeuza mapema, maana ni zito na mkia wake mrefu. Lakini joto la ndani ni raha tupu. Yote hayo nimeandika.

Liko moja sikuliandika. Gari hili hulia mtu akikaa bila kufunga mkanda. Jumatatu nilikuwa natoka Othaya kurudi Nyeri, peke yangu, nikapita ile kona ya mashamba ya chai ambapo Barasa aligongwa akiwa kwenye pikipiki. Kiti cha abiria kikaanza kulia. Juu yake hakukuwa na kitu, hata leso. Kililia mpaka kwenye daraja dogo chini ya mteremko, kikanyamaza. Jana nikapita tena, ikawa vilevile, kuanzia kona mpaka darajani. Nikalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari. Alipekua chini ya kiti, akakikalia, akainuka.

"Sensor ya kiti iko sawa, madam. Ati hukuwa umeweka hata handbag hapa?"

"Hakukuwa na kitu."

"Basi mimi sioni shida."

Mimi niliiona, Mama. Siku ile tulipomtoa Barasa mochari ya Othaya, Mjomba alinipigia simu. "Usipite pale alipoangukia bila kushuka umwite," alisema. "Mwambie tunaenda nyumbani. Usipomwita atabaki hapo." Lakini garini walikuwamo walimu wenzake na mchungaji wao. Tulipofika kwenye kona dereva akapunguza mwendo, akaniuliza, "Tusimame?" Niliona haya kushuka niite maiti barabarani mbele ya watu waliovaa suti. Nikasema, "Twende tu." Na wewe uliponiuliza langoni kama nilimwita, nilikujibu kwamba nilimwita. Nilikudanganya. Tulizika mwili, yeye nikamwacha kwenye mvua ya ugenini. Tangu siku ile najichukia.

Leo asubuhi nimerudi. Nimesimama kwenye kona, nikafungua mlango wa ubavuni, na ile ngazi ya gari ikajitokeza yenyewe. Wachuma chai waliokuwa kando ya barabara wakaacha kazi wakinitazama. Nikaita kwa lugha yetu: Barasa, ni mimi Nekesa, nimekukosea, panda twende nyumbani. Nilikuwa nalia. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni hakuelewa maneno, lakini nadhani alielewa mengine.

"Ni mtu wako alianguka hapa?" akaniuliza.

"Ni ndugu yangu."

"Basi muite tena. Labda ako mbali kidogo."

Nikamwita tena. Nilipoondoa gari, kiti kikalia. Nikauvuta mkanda, nikaufunga juu ya kiti kitupu, na kikanyamaza. Tulivuka daraja. Unaona, nimeandika tulivuka. Sijaufungua mkanda huo mpaka sasa, na Bwana Wanjohi ananitazama tu. Naogopa, Mama. Naogopa kwamba ni yeye, na nikiwaza kwamba si yeye naogopa zaidi.

Bwana Wanjohi amenikubalia nilijaribu gari kwa safari ndefu, nami nimechagua barabara ya kwetu. Nitafika Jumamosi mchana. Barua hii inakuja na basi la leo, na mdogo wangu Simiyu ataichukua stendi. Mwambie asiifungue, namjua.

Nisalimie Baba. Msalimie Mjomba, na umwambie nitampigia magoti mimi mwenyewe. Msalimie wifi yangu, mke wa Barasa. Haya mengine mfiche mpaka nifike, nimweleze kwa kinywa changu.

Jumamosi ukisikia gari langoni najua utanikimbilia. Tafadhali, mimi nitangoja kwenye usukani. Nenda kwanza upande wa pili, ufungue mlango, umwite yeye. Yeye haiamini tena sauti yangu.

Ni mimi binti yako,
Nekesa